Kuvua, kupaa, kutimka: mwongozo kamili wa “take off”

Soma sentensi hii: “She took off her shoes and took off down the road.” Maneno mawili yaleyale yametokea mara mbili, na kila mara yana kazi yake. Mwanzoni dada huyu amevua viatu. Mwishoni ametimua mbio. Msomaji anayetegemea kamusi ndogo akifika hapo pa pili hukwama: kavua nini tena, barabara?

Kiingereza kimejaa vitenzi vya namna hii, kitenzi kifupi cha kawaida na kineno kidogo nyuma yake: “give up”, “run out”, “put on”. Wanafunzi wengi hukabidhiwa orodha ya vitenzi mia moja na kuambiwa wavikariri. Mimi siiamini orodha hiyo. Nilikariri ya kwangu nikiwa mwanafunzi, nikafaulu mtihani, kisha siku ya kwanza mtu aliponiambia “I'm taking off now” nikamkodolea macho kuona anavua nini. Alikuwa ananiaga. Tangu hapo naona ni afadhali kuchimba kitenzi kimoja mpaka mizizi yake ionekane, na “take off” kinafaa kuliko vingi: maana zake za wazi ni za kila siku, za kitamathali ni nyingi, na msemaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ya kukifikia ambayo vitabu vya Kiingereza haviitaji.

Hatua ya 1: Achana na “take”, shika “off”

Kosa la kwanza ni kuanza na “take”. Tumefundishwa kwamba “take” ni “chukua”, kwa hiyo tunatafuta kilichochukuliwa. Lakini humu ndani “take” ni mbebaji tu. Mzigo umekaa kwenye “off”.

Na “off” inasema jambo moja: kitu kilichokuwa kimegusana na kingine kimeachana nacho. Kilikuwa kimekaa juu yake, kimevaliwa, kimebandikwa, kimeangikwa au kimeandikwa humo. Sasa hakipo tena. Koti lilikuwa mwilini, limetoka mwilini. Ndege ilikuwa ardhini, imeiacha ardhi. Jina lilikuwa kwenye orodha, limeondolewa. Hata “off” ya taa ni ndugu wa huyu: umeme na taa vimetenganishwa.

Ile njia ya mkato sasa. Kiswahili kina kauli ya kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Bandika, bandua. Vaa, vua. Twika, tua. Choma, chomoa. Ile “u” au “o” inayojipenyeza mwishoni mwa kitenzi na kurudisha nyuma kilichofanyika ndiyo kazi inayofanywa na “off” kwa Mwingereza. Tofauti ni kwamba sisi tunaificha ndani ya kitenzi, ilhali yeye anaiacha nje ikitembea peke yake. Ukilishika hili, “off” haitakuwa tena kineno cha kukariri. Itakuwa kiambishi kilichotoka nje ya nyumba.

Kwa hiyo kila unapokutana na “take off”, swali la kwanza si “maana yake ni ipi kati ya zile kumi?” Swali ni: nini kimeachana na nini?

Hatua ya 2: Amua kama ni “ondoa” au “ondoka”

Swali la pili ni la sarufi, na ndilo linalookoa watu wengi. Je, kitenzi kina yambwa, yaani kuna kitu kinachotendewa? Au mtenda anajitendea mwenyewe?

Sisi tuna vitenzi viwili kwa hali hizi mbili: ondoa na ondoka, bandua na banduka, ng'oa na ng'oka. Mwingereza hapa ana umbo moja kwa zote. “He took off his hat” ni ondoa, kwa sababu kuna kofia. “The bird took off” ni ondoka, kwa sababu hakuna kilichoondolewa. Ndege mwenyewe ndiye aliyebanduka kwenye tawi. Katika sentensi yetu ya mwanzo, “her shoes” ni yambwa, basi ni ondoa. “Down the road” si kitu kinachoondolewa, ni upande alikoelekea, basi ni ondoka. Kitendawili kimekwisha.

Jihadhari na maneno yanayokaa mahali pa yambwa bila kuwa yambwa. “The plane took off an hour ago”: saa moja haikuondolewa popote, ni wakati tu.

Ukibaki na shaka, geuza sentensi iwe ya kutendwa. “Her shoes were taken off” inakubali. Ndege iliyopaa haikubali. Ukisema “the plane was taken off” umesema jambo jingine kabisa, kwamba mtu aliiondoa kwenye safari au kwenye ratiba. Kuna mtego mkubwa hapa ambao nitaurudia kwenye michezo ya kuigiza.

Kipimo kingine ninachokipenda ni kuuliza kinyume chake. Kama kinyume ni “put on”, uko kwenye nguo. Kama ni “land”, uko angani. Kama kinyume chake ni kudorora, uko kwenye biashara. Kama ni kubaki, mtu anaondoka. Maana zinazofanana zina vinyume tofauti, na kinyume hakidanganyi.

Hatua ya 3: Maana ya wazi, na kwa nini “vua” haitoshi

Wengi wamejifunza kwamba “take off” ni “vua” wakaishia hapo. Kwa nguo, viatu, kofia, miwani, pete na saa ya mkononi, sawa. Lakini Mwingereza huyohuyo hutumia kitenzi hikihiki mahali ambapo Mswahili ana kitenzi cha pekee kwa kila tendo, na hapo ndipo tafsiri nyingi hupwaya.

“Take the pot off the stove” ni epua sufuria, au ipua kwa wanaoitamka hivyo. Hakuna anayevua sufuria jikoni. “Take the washing off the line” ni anua nguo. “Take that load off your head” ni tua mzigo. “Take the plaster off” ni bandua plasta. “Take the lid off” ni funua. “Take the picture off the wall” ni tungua picha. “Take the bark off the branch” ni ambua gome. Na upepo ukipita na mabati, Mwingereza atasema “the wind took the roof off”, nasi tutasema upepo umeezua paa.

Tazama orodha hiyo tena: epua, anua, tua, bandua, funua, tungua, ambua, ezua. Karibu yote ni ya kutendua, na mengi yana mwenzake wa upande wa pili: teleka na epua, anika na anua, ezeka na ezua. Mwingereza ametazama matendo manane akaona moja, kuachana. Mswahili ametazama kila moja akauliza: kuachana na nini? Kamba, moto, kichwa, ukuta?

Kwa anayetafsiri kutoka Kiingereza, kanuni ni kuangalia jina linalofuata “off” kabla ya kuchagua kitenzi. “Off the line”, “off the stove”, “off the wall”: jina hilo ndilo litakalokupa neno sahihi la Kiswahili. Anayekwenda upande wa pili ana kazi nyepesi. Vitenzi vyote vinane vinaingia kwenye “take off”, naye hana haja ya kuhangaika kutafuta neno la Kiingereza la “epua”, kwani halipo.

Hatua ya 4: Weka kitu mahali pake

Hapa ni kanuni moja tu, na ni kavu kidogo.

Kitu kikiwa ni jina, kinaweza kukaa katikati au nyuma: “take your coat off” na “take off your coat” zote ni sahihi. Kikiwa kiwakilishi kama “it” au “them”, lazima kikae katikati: “take it off”. Ukisema “take off it” kila mtu ataelewa na kila mtu atajua kwamba Kiingereza si chako. Jina likiwa refu, lipeleke mwisho: “take off the coat you borrowed from your sister”. Ukilibana katikati, msikilizaji atasahau kitenzi kabla “off” haijafika.

Kukiwa na vitu viwili, kile kinachoondolewa na kile kinachoachwa, mpangilio haubadiliki: “take your elbows off the table”. Viwiko kwanza, kisha “off”, kisha meza.

Hatua ya 5: Panda ndege, kisha ufike sokoni

Maana ya kupaa ndiyo daraja kutoka kwenye maana za wazi kwenda za kitamathali, kwa hiyo nitakaa hapa.

Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk katika jimbo la North Carolina, Orville Wright alirusha ndege yenye injini kwa sekunde 12. Ilisafiri kama mita 37, umbali mfupi kuliko upana wa mabawa ya ndege kubwa za abiria za leo. Kilichotokea pale chini ndicho Kiingereza hukiita “take off”: magurudumu, au kwa ndege ile mbao zake za kuserereka, yanaiacha ardhi.

Cha kuzingatia ni kilichotangulia. Ndege hairuki kutoka pale iliposimama. Inakimbia kwanza, nzito, ikitetemeka, na kwa muda mrefu haionekani tofauti na basi kubwa lililo na haraka. Marubani wana mwendo wanaouita V1. Ukishapitwa, kughairi hakufai tena kwa sababu barabara iliyobaki haitoshi kusimama. Halafu pua inainuka.

Sasa soma: “Her business finally took off.” Picha nzima imo. Biashara ilikuwa inakimbia chini kwa chini, nzito, watu hawaioni. Kisha ikafika mahali ikainuka na kushika kasi. Ndiyo maana neno “finally” hupenda kufuatana na kitenzi hiki, pamoja na “suddenly” na “really”. Na ndiyo maana kukanusha kwake kunauma: “The idea never really took off.” Wazo lilikimbia barabara yote likaishiwa na barabara.

Wachumi wameichukua picha hii ikawa istilahi. W. W. Rostow, mchumi wa Marekani, mwaka 1960 aligawa ukuaji wa uchumi katika ngazi 5, na ya 3 akaiita “take-off”: kipindi ambacho uwekezaji wa nchi hupanda kutoka asilimia 5 ya pato la taifa, au chini ya hapo, hadi zaidi ya asilimia 10. Kwa Uingereza alikiweka kipindi hicho kati ya 1783 na 1802, yaani karne nzima kabla ya ndege kuwepo. Tamathali haina aibu na kalenda.

Katika maana hii hakuna yambwa kamwe. Ukikuta “they took off the business”, mwandishi amekosea au anazungumzia kuiondoa biashara kutoka mahali fulani.

Vipi kwa Kiswahili? Ilishika kasi, ilinyanyuka, ilishamiri, ilichanganya. Zote zinafaa, na anayeandika kwa mtindo wa magazeti ana “ilipamba moto”. “Ilipaa” inafaa pia, ila masikio yetu yameizoea kwa bei, na bei ikipaa hakuna anayepiga vigelegele. Nikitafsiri “sales took off” huandika mauzo yalipanda kwa kasi, kuepusha kivuli hicho.

Mtego mbaya kuliko yote ni mbawa. Mtu mwenye nia njema anafikiri: ndege ina mbawa, biashara imeruka, basi “biashara iliota mbawa”. La! Kwetu kitu kikiota mbawa kimepotea. Fedha zilizoota mbawa haziko tena, matumaini yaliyoota mbawa yamekwisha. Umetaka kumsifu mwenye duka, umemtangazia kufilisika.

Linganisha pia na “get off the ground”. Zinakaribiana lakini si pacha. Mradi ambao “never got off the ground” haukuanza kabisa. Mradi ambao “never took off” ulianza, pengine ukaendelea miaka, ila haukuchanganya.

Hatua ya 6: Mtu anapoondoka

“They took off without saying goodbye.” “He saw the police and took off.” Hapa mtu ndiye aliyebanduka, na mara nyingi kuna haraka au ghafla ndani yake. Kiswahili kina utajiri: alitimka, alitimua mbio, alichomoka, aliondoka zake, alishika njia. Chagua kwa kiasi cha haraka. Rafiki anayesema “I'd better take off” baada ya chakula hatimki. Anasema tu “ngoja niende zangu”.

Anakoelekea huingia kwa “for”: “took off for London”. Anakotoka huingia kwa “from”. Anayefukuzwa huingia kwa “after”: “the dog took off after the thief”, mbwa alimtimkia mwizi.

Maana hii ni ya mazungumzo. Katika barua ya kazi usiandike kwamba utakuwa “taking off at four”, andika “leaving”. Hali ni hiyohiyo kwa mabango: kwenye mlango utakuta “Please remove your shoes” mara nyingi kuliko “take off”, kwa kuwa “remove” ndilo vazi rasmi la kitenzi hiki. Kwa ndege, maandishi rasmi hupenda “depart”, ingawa “take off” hapo haina kosa.

Hatua ya 7: Siku na fedha

“I'm taking Friday off.” Siku imeondolewa kwenye kazi. Anapumzika Ijumaa. “I'm taking off on Friday.” Hakuna kilichoondolewa, yeye ndiye anayeondoka, Ijumaa. Kineno “on” na mahali pa “off” vimegeuza likizo kuwa safari. Ninapofundisha hili huwa siendi mbele mpaka kila mtu ameisikia tofauti, kwani ni kosa linaloweza kumfanya mtu asubiriwe ofisini akiwa nyumbani.

Kwa wakati, kipande cha siku hupendelea kukaa katikati: “take a week off”, “take the morning off”, “take some time off work”. Tafsiri nzuri ni “kuchukua likizo” kwa wiki au mwezi, “kuomba ruhusa” kwa nusu siku. Kuna pia “day off”, siku ya mapumziko, ambamo “take” imetoweka na “off” imebaki ikifanya kazi yote peke yake. Nilisema kule juu mzigo uko wapi.

Kwa fedha na alama ni kupunguza: “take ten per cent off the price”, punguza asilimia kumi, “she took two marks off for spelling”, alikata alama mbili kwa ajili ya tahajia. Kuachana kupo, ila kilichobanduliwa ni kipande cha hesabu.

Hatua ya 8: Macho, kofia na mzigo wa moyoni

Kuna mahali ambapo lugha hizi mbili zimekutana njiani bila kupanga. “He couldn't take his eyes off the screen”: hakuweza kubandua macho kwenye skrini. Sisi nasi huyabandua, kana kwamba yalikuwa yamegundishwa. “I take my hat off to her”: namvulia kofia. “That took a weight off my mind”: hilo limenitua mzigo, nasi tunauweka moyoni, wao akilini.

Lakini usijiachie. Mtu akivuliwa uongozi, Mwingereza hatumii “take off”. Husema “stripped of”, ambalo kwa bahati nalo ni neno la kuvua nguo. Na “take the gloves off” si kumvulia mtu glavu kwa heshima: ni kuacha upole na kuanza mapambano ya kweli. “Take your mind off it” ni kujisahaulisha jambo linalokusumbua. Ukitafsiri kwa kutoa akili, umemfanya mwenzio mwendawazimu.

Kundi jingine ni la kumwondoa mtu au kitu kwenye kazi iliyokuwa ikiendelea. “The doctor took him off the tablets”: daktari alimwachisha vidonge. “The coach took her off at half-time”: kocha alimtoa wakati wa mapumziko. “He was taken off the case”: aliondolewa kwenye kesi hiyo, au kwenye upelelezi wake.

Ule mtego wa michezo ya kuigiza ni huu. “The play took off” ni tamthilia ilishika chati. “The play was taken off” ni tamthilia iliondolewa jukwaani, mara nyingi kwa sababu viti vilikuwa vitupu. Maneno mawili yaleyale, mchezo uleule; moja ni ondoka ya kupaa, nyingine ni ondoa ya kufutwa. Mtu aliyeruka hatua ya 2 ataandika habari kinyume.

Hatua ya 9: Kumwiga mtu

Nitapita haraka. Katika Kiingereza cha Uingereza, “she takes off the manager brilliantly” ni kwamba anamwigiza meneja, sauti na mikogo, mpaka watu wanashika mbavu. Utaijua maana hii kwa kuwa yambwa ni mtu mwenyewe, si nguo wala kitu, na sentensi haitaji alikoondolewa. Pia ukiona “off” haijafuatwa na mahali, na karibu kuna neno la sifa kama “perfectly”, hakuna aliyevuliwa nguo. Jina la kazi hiyo ni “a take-off”, uigizaji wa kumdhihaki mtu.

Hatua ya 10: Kuandika, kutamka, na majirani

Kitenzi huandikwa maneno mawili, daima. Nomino huungana: “takeoff” kwa Wamarekani, “take-off” kwa Waingereza wengi. Kuandika “the plane will takeoff” ni kosa ambalo hata wenyewe hulifanya kila siku, kwa hiyo usijilaumu sana, ila usilirudie.

Wakati uliopita ni “took off”, na baada ya “has” au “was” ni “taken off”. “Has took off” utaisikia mitaani, mtihani hautaikubali.

Katika kutamka, mkazo wa kitenzi hukaa kwenye “off”: “take it OFF”. Katika nomino hurudi mwanzoni: “TAKE-off”. Sisi tumezoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunaelekea kuikaza “take” kila mahali, na msikilizaji anapata nomino alipotarajia kitenzi. Unapofanya mazoezi, tamka pia “f” ya “off” ikiungana na irabu inayofuata: “take off a coat” husikika kama “teikofa kout”.

Majirani wanaochanganywa nacho ni wachache. “Take out” ni kutoa kutoka ndani, si kutoka juu. Soksi iko mguuni hivyo ni “off”, iko kabatini hivyo ni “out”. “Take away” ni kuondosha kitu kiende mbali, bila kujali kilikuwa kimegusana na nini. “Get off” ni kushuka kwenye basi au baiskeli. “Set off” ni kuanza safari, bila ile haraka ya “take off”. “Lift off” ni ya roketi, kama ile ya Apollo 11 tarehe 16 Julai 1969 kule Florida: hupanda wima pale iliposimama, haina barabara ya kukimbilia. Labda ndiyo maana hakuna anayesema duka lake “lifted off”. Na “put off”, licha ya kufanana na kinyume cha “put on”, ni kuahirisha. Ukimwambia mtu “put off your shoes” utakuwa umemwambia maneno ya Kiingereza cha zamani sana.

Jipime

Funika majibu. Kwa kila sentensi jiulize maswali yale mawili: nini kimeachana na nini, na ni ondoa au ondoka?

“Take the milk off the heat before it boils over.”
“Her radio programme never took off.”
“Take ten off and I'll buy it.”
“He took off in the middle of the meeting.”
“I can't find the lid. Did you take it off?”
“The show was taken off after three nights.”
“He can take off any of his teachers.”
“We took off Friday.”

Maziwa yameachana na moto: yaepue kabla hayajafurika. Kipindi cha redio hakikuchanganya, na kumbuka kwamba kilikuwepo. Punguza kumi nami nitanunua. Mtu aliondoka ghafla mkutano ukiendelea, hakuna alichovua, tushukuru. Mfuniko: je, uliufunua wewe, na “it” imekaa katikati inapopaswa. Onyesho liliondolewa jukwaani baada ya usiku wa tatu. Aliyeandika “lilipaa” arudi hatua ya 8. Yule bwana anaweza kumwigiza mwalimu wake yeyote.

Ya mwisho haina jibu moja. Wamarekani hasa husema “took off Friday” bila “on”, nayo yaweza kuwa tulipumzika Ijumaa au tuliondoka Ijumaa. Soma sentensi ya kabla yake na ya baada yake. Kama hazipo, mpigie aliyeandika.